Barua Iko Njiani

"Hakuna sumu," Sajini alisema, akaiweka karatasi ya mkemia mezani mbele ya mkuu wa kituo. "Kwenye birika hakuna, kwenye kikombe hakuna, na tumboni mwa marehemu hakuna. Ni chai tu, afande. Chai na sukari."

Mkuu aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma kutafuta kama kuna la ziada. Nyuma kulikuwa kweupe.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mpika chai wa shirika moja lenye jengo la ghorofa tisa, mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Chai, alikuwa na siku ya tatu mahabusu. Saa nane mchana angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kumuua tarishi, mpeleka barua wa shirika hilo. Na shtaka la mauaji si mchezo: mtu akishaingia nalo pale, kutoka si leo wala kesho.

"Watu watano, Sajini," mkuu alisema, akinyoosha vidole vyote vya mkono. "Mfagizi, mlinzi wa lango la nyuma, dereva wa lori, fundi bomba, na sasa tarishi. Wote ndani ya miaka miwili. Wote wa sakafu ya chini, na wote wakinywa kutoka birika moja. Wa juu wana mashine yao ya kahawa, na wa juu hawajafa hata mmoja. Unataka nini tena?"

"Mhandisi mkuu ni wa ghorofa ya saba. Haipendi ile mashine. Hushuka kila siku kunywa vikombe vitatu vya Mama Chai, na ana miaka sabini na moja. Nimemkuta jana anapanda ngazi mbili mbili."

"Ana bahati."

"Miaka kumi na saba ya bahati, afande?"

Mkuu alinuna. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amekwisha kuwaambia waandishi wa habari kwamba muuaji amepatikana, na maneno kama hayo kuyameza ni shida. "Kuna shahidi," alisema. "Alimsikia akimwambia marehemu wiki moja kabla: 'Utakufa wewe, nami nitakuja kukuzika.' Hilo nalo ni chai?"

Sajini alikwenda moja kwa moja mahabusu. Mama Chai alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono mapajani.

"Ulimwambia tarishi atakufa?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa anakufa," Mama Chai alisema. "Hukumwona wewe. Akipanda ngazi tatu anasimama, anajifanya anasoma bahasha. Nikamgombeza. Mtu ukimpenda si unamgombeza?"

Sajini alisimama pale akiwa na kalamu mkononi, asiandike kitu. Siku tatu walikuwa wamemuuliza mama huyu aliweka nini kwenye birika. Hakuna aliyemuuliza swali hilo moja la kitoto.

Alimwita Koplo, wakaondoka.

Daktari wa mochwari alikuwa mwanamume mfupi mwenye jina la utani la Kisu, na jina lenyewe alilipenda. Alikuwa ananawa mikono walipoingia.

"Moyo," alisema kabla hawajauliza. "Mishipa imeziba kama bomba la jikoni. Huyu ana miaka mingapi?"

"Hamsini na mitatu."

"Mwambieni moyo wake, maana hauna habari. Mimi ningesema themanini." Alijifuta mikono taratibu. "Jumatatu nilikuwa na mwenyekiti mstaafu wa bodi ya shirika hilo hilo. Miaka themanini na minane, ameteleza bafuni. Moyo wake, Sajini, ungeweza kupanda nao mlima."

"Unataka kuniambia nini?"

"Sikwambii kitu, mimi nakata tu. Lakini nimekata miaka ishirini na miwili. Nifunge kitambaa machoni, nipe moyo wa mtu wa jengo lile, nitakwambia alifanya kazi ghorofa ya ngapi. Nitakosea mara chache sana."

Koplo alicheka, akaona mwenzake hacheki, akanyamaza.

"Hao wanne wa mwanzo uliwakata wewe?"

"Hakuna aliyeniletea. Wa chini wakifa huzikwa tu, nani aulize? Huyu mmeniletea kwa sababu mtu alitaja sumu." Kisu alishusha sauti. "Na kuna jambo jingine. Hapa pana kovu la zamani. Huyu alishapatwa na shambulio la moyo miezi mitano au sita iliyopita, akasimama, akaendelea na kazi. Kipimo cha dakika kumi kingeliona. Dakika kumi, Sajini! Mtu ana zahanati kazini kwake na hakupimwa? Hiyo ndiyo ningeifuata mimi, siyo birika."

Nje, kwenye benchi la saruji, alikuwa amekaa binti wa marehemu, akisubiri kibali cha kuchukua mwili. Yeye ndiye aliyepiga kelele ya sumu siku ile baba yake alipodondoka juu ya meza, kikombe mkononi.

"Baba yako alikuwa anaumwa?" Sajini alimuuliza.

"Kifua, mama. Tangu mwaka jana."

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza alikunywa nini. Hamkuniuliza aliumwa nini."

Sajini aliketi kando yake. "Hospitali alikwenda?"

"Alikuwa anangoja barua. Zahanati walimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, bila hiyo hawampokei. Kila tukimuuliza anasema tulieni, barua iko njiani. Mwezi wa tatu iko njiani. Mwezi wa sita iko njiani." Binti alifuta uso kwa kiganja. "Yeye ndiye aliyekuwa anapeleka barua za watu wote pale. Sasa mama, yake ilipita njia gani?"

Swali hilo Sajini alipanda nalo garini, akashuka nalo kwenye shirika.

Zahanati ya shirika ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana, kitanda, mizani na kabati la dawa. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitoa daftari la rufaa bila ubishi. Kila mgonjwa aliyehitaji hospitali kubwa aliandikwa humo: jina, tarehe, kazi yake, tatizo lake.

Sajini alipitisha kidole. Mfagizi, sukari. Mlinzi wa lango la nyuma, presha. Dereva wa lori, uvimbe shingoni. Fundi bomba, kikohozi cha damu. Tarishi, maumivu ya kifua.

Wote watano! Alirudia kuhesabu kwa kidole kile kile, kisha akaligeuza daftari Koplo naye aone.

"Uliwaandikia wote?"

"Wote. Kwa mkono wangu huu."

"Barua unampa mgonjwa mwenyewe?"

"Hapana, zote zinapitia masijala kwanza, zigongwe muhuri wa utawala, kisha tarishi azipeleke hospitali. Wa juu anakwenda siku hiyo hiyo. Wa chini hungoja hospitali wamwite."

"Kwa nini tofauti?"

Muuguzi alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini milango ina bawaba. "Ndio utaratibu."

Koplo alikuwa amekwisha kupiga simu hospitali kubwa, masijala ya wagonjwa. Alitaja jina na tarehe moja moja, akangoja, akataja jingine. Simu ilichukua robo saa. Alipoikata, uso ulikuwa umebadilika.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nani?"

"Hakuna hata mmoja, Sajini. Barua zao hazijawahi kufika."

Muuguzi alivua miwani. "Mimi nilijua wamekwenda," alisema. "Haki ya Mungu nilijua wamekwenda, wakatibiwa, ikashindikana."

"Hawakurudi kukuuliza?"

"Wa chini akiuliza mara mbili anaitwa msumbufu. Wanajua."

Kichwani mwa Sajini sasa kulikuwa na mtuhumiwa mpya, na alimtaka kwa hasira. Kuna mtu masijala anazificha hizi barua. Ana kisa na hawa watu, au anatumwa. Alivuka ua haraka, Koplo nyuma yake, wakaingia masijala bila kubisha.

Mkuu wa masijala alikuwa mzee nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Jengo zima lilimwita Bwana Faili. Alisimama kuwapokea wageni, akawavutia viti, akauliza awasaidie nini.

"Mzee, nataka barua za rufaa za watu watano waliokufa."

"Ziko hapa, mama," Bwana Faili alisema.

Sajini alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Hakujiandaa kwa hilo.

Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na trei nne za mbao, moja juu ya nyingine, zimeng'aa kwa kushikwa. Bwana Faili alizigusa kuanzia juu. "Hii ya wakurugenzi. Hii ya mameneja. Hii ya maofisa. Na hii ya chini ni ya wengineo. Tarishi huanza na ya juu. Ikiisha, inayofuata. Ya chini haiguswi mpaka za juu ziwe tupu. Nilikuta hivyo, na tangu niingie haijapotea barua hata moja humu. Miaka thelathini!"

"Za juu huwa tupu lini?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Zamani, siku za kuelekea sikukuu. Siku hizi barua zimekuwa nyingi. Miaka mitatu iliyopita... mara moja. Tangu hapo bado."

Koplo alisema neno ambalo askari hatakiwi kulisema akiwa kazini.

Sajini aliivuta trei ya chini. Ilikuwa nzito. Aliimwaga juu ya meza, akaanza kupanga. Maombi ya likizo, maombi ya viatu vya kazi, na katikati yake bahasha za zahanati, kumi na tisa. Bahasha ya mfagizi ilikuwa chini kabisa, imegeuka rangi. Imeandikwa miezi minne kabla hajafa. Ya mlinzi, miezi saba kabla. Ya dereva, mwaka mzima. Zote zimegongwa muhuri, zimebandikwa vizuri, hazijafunguliwa.

"Hawa wamekufa, mzee!" Sajini alisikia sauti yake imepanda. "Barua za wafu umeziweka za nini?"

"Siwezi kuitoa barua kwenye trei, mama, ikiwa haijapelekwa."

Ya tarishi ilikuwa juu zaidi, ina tarehe ya miezi kumi iliyopita. Sajini aliishika kwa mikono miwili. "Hii aliiweka nani humu?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Tarishi mwenyewe. Muuguzi alimpa ailete, akaileta. Nikaigonga muhuri, akaiweka kwenye trei yake."

"Kila asubuhi alikuwa anasimama hapa, anachukua barua za kupeleka hospitali ile ile..."

"Kila asubuhi. Barua za wakurugenzi hazikosekani. Kupimwa macho, meno, mgongo."

"Na yake anaiona."

"Anaiona."

"Kwa nini hakuitia mfukoni? Mzee, niambie. Kwa nini hakuitia tu mfukoni akaenda nayo?"

Bwana Faili alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Awaruke wakubwa? Yule? Yule alikuwa mstaarabu sana, mama. Kuna siku nilimwambia, nikamwambia ndugu yangu ichukue hiyo, mimi nitatazama pembeni. Akakataa. Alisema akianza yeye, kesho kila mtu ataruka."

Sajini aliirudisha bahasha mezani. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Tangu asubuhi alikuwa anamtafuta mtu aliyezificha barua, na aliyeiweka hii pale kwa adabu zote alikuwa marehemu mwenyewe. Alikuwa amepeleka barua za macho na meno ya wakubwa kwa miezi kumi, akipumzika kila ngazi ya tatu.

Koplo ndiye aliyeyaona makabati. Yalikuwa mawili, ukuta wa nyuma. "Haya ni ya nini, mzee?"

"Wastaafu, na waliofia kazini. La kijani ni walio hai. Jeusi ni waliofariki."

"Yamepangwa kwa vyeo?"

"Hapana, kwa hali tu. Hai huku, wafu huku. Tazameni wenyewe."

Walitazama. Ilichukua karibu saa nzima, Koplo akisoma, Sajini akiandika. Wafanyakazi wa sakafu ya chini waliostaafu au kufia kazini walikuwa thelathini na wanane. Waliofika miaka sabini walikuwa watatu. Wa ghorofa ya saba kwenda juu walikuwa ishirini na sita, na ishirini kati yao walikuwa bado kwenye kabati la kijani, wana miaka themanini na kitu, wanaandika barua za kulalamikia kelele za majirani.

"Rudia," Sajini alisema.

Koplo alirudia. Hesabu haikubadilika.

"Mzee, ulikuwa unalijua hili?"

"Watu wa chini huwa hawadumu," Bwana Faili alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia soli za viatu. Halafu alitazama kabati jeusi, akatazama kijani, na Sajini akaona maneno hayo yanamrudia mwenyewe. Mzee alikaa. Yeye naye meza yake ilikuwa sakafu ya chini, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja.

Mkurugenzi wa utawala aliwapokea ghorofa ya tisa, dirisha kubwa nyuma yake. Ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuwaambia polisi habari za birika.

"Trei?" alisema. "Trei gani?"

Sajini alimweleza. Alimwekea mezani bahasha tano, mfagizi kwanza.

"Mimi sikuutunga huo utaratibu. Niliukuta."

"Wote mliukuta. Barua yako ya kupima macho, mwezi uliopita, iligongwa muhuri saa nne. Saa tano na nusu ulikuwa hospitali. Unajua aliyeipeleka?"

Mkurugenzi aliigusa miwani usoni.

"Aliipeleka huyu," Sajini alisema, akigusa bahasha ya tarishi. "Kwa miguu. Akaipita yake kwenye trei."

"Kwa nini hawakusema?" Mkurugenzi alikuwa ameinuka bila kujua. "Mlango wangu uko wazi! Wangepanda tu wakasema!"

"Lifti yako inataka kadi. Wao wanapanda kwa ngazi, ghorofa tisa. Mwenye moyo ule angefika?"

Mkurugenzi aliivua miwani yake mpya, akaiweka mezani karibu na bahasha, akaitazama kama kitu cha mtu mwingine. Alianza kulia kimya kimya, jambo ambalo Sajini hakulitarajia na halikumsaidia kitu.

Saa saba na nusu alimpigia mkuu wa kituo. Alisema yote bila kupumzika.

"Sasa nimkamate nani?" mkuu aliuliza.

"Sijui, afande."

"Hujui! Watu watano, Sajini, na hujui?"

"Aliyeandika barua aliandika, aliyegonga muhuri aligonga. Kila mtu alifanya kazi yake. Nionyeshe kifungu nitakachowashtakia, nitawaleta wote. Ila Mama Chai hayumo, na gari la mahakama lisiondoke naye."

Mkuu alivuta pumzi. "Njoo usaini utoaji wake," alisema.

Mama Chai alipewa viatu vyake na mkoba. Sajini alimweleza habari ya trei wakiwa wamesimama kaunta, naye alisikiliza akifunga kitambaa kichwani. Sajini alipofika mahali pa tarishi kuiweka barua yake mwenyewe, Mama Chai aliacha kufunga.

"Mjinga yule," alisema. "Mjinga wa watu. Nilimwambia!" Machozi yakamshuka, hakuyafuta.

"Zilikuwa bahasha kumi na tisa," Sajini alisema. "Watano ndio hao. Wengine kumi na wanne Koplo anawapeleka hospitali sasa hivi kwa magari ya shirika, mkurugenzi ameyatoa. Nimezisoma zote, yako sikuiona. Nikafurahi."

"Yangu?" Mama Chai alicheka kidogo. "Mdogo wangu, mimi ni kibarua. Kibarua hana kadi ya zahanati, na asiye na kadi haandikiwi barua. Trei ile mimi nitaingia lini?"

"Miaka kumi na saba kibarua?"

"Wananiandika upya kila mwezi."

Sajini alitaka kuuliza swali lililofuata, na aliogopa jibu, na aliuliza. "Na unaumwa?"

Mama Chai alitazama kaunta, askari wawili waliokuwa wakiandika, mlango. Kisha aliushika mkono wa Sajini, akauingiza chini ya kwapa lake la kushoto, akaubana pale. Sajini aligusa kivimbe. Kilikuwa kigumu, ukubwa wa punje ya mahindi, na pembeni yake kulikuwa na kingine.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu siku za mazishi ya mfagizi."

"Miaka miwili! Twende. Twende hospitali sasa hivi, gari liko nje."

"Sasa hivi?" Mama Chai alitazama saa ya ukutani, akahangaika. "Ngoja kwanza, afande. Siku tatu hawajanywa kitu wale. Niwapikie chai ya saa kumi, nioshe vyombo, halafu..."

Sajini alimshika mkono wenye mkoba, akamvuta nje mbele ya watu wote, na hakumwachia mpaka mlango wa hospitali.